Kisu na Pumzi: Habari za Uvimbe wa Taya katika Nchi ya Mbinga na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Njia ya pumzi ya mwanadamu ni nyembamba kuliko watu wengi wadhanivyo. Kwa mtu mzima yakaribia unene wa kidole gumba. Kwa mtoto wa miaka mitano haupiti unene wa kidole chake cha mwisho. Katika njia hiyo ndogo hupita uhai wote, mchana na usiku, wala hapana mtu aikumbukaye mpaka siku inapozibwa. Maradhi ya mahali pengine mwilini humpa mgonjwa nafasi ya kungoja na kutafuta shauri, lakini maradhi ya kinywa na koo huja na hesabu ya dakika. Ndiyo maana habari za tiba ya maradhi haya ni habari za haraka na mashaka, na pia za kushindwa kwa watu wakubwa na wadogo.

Tuanze kwa mkubwa. Mwaka 1887 mwana wa mfalme wa Ujerumani, Friedrich, alipotewa na sauti. Waganga wa kwao, akiwamo mpasuaji mashuhuri Ernst von Bergmann, walishuku saratani ya koo wakataka kumpasua mwezi wa Mei. Akaitwa Morell Mackenzie kutoka Uingereza, akakata kipande kidogo cha uvimbe, nacho kikapelekwa kwa Rudolf Virchow, bingwa wa elimu ya maradhi katika zama zake. Virchow hakuona saratani katika kipande alicholetewa, na kisu kikarudishwa alani. Miezi ikapita, uvimbe ukakua, na tarehe 9 Februari 1888 hapakuwa na hiari tena: mpasuaji kijana aitwaye Bramann alitoboa koo la mgonjwa kwa mbele, chini ya kongomeo, akatia mrija apate kuvuta pumzi. Mwezi mmoja baadaye baba yake alikufa, naye akatawazwa Kaisari. Alitawala siku 99, akitoa amri zake kwa kuziandika katika vikaratasi, kwa maana sauti hakuwa nayo. Alifariki tarehe 15 Juni 1888.

Msomaji aweza kuuliza, habari za Kaisari huyu zatuhusu nini sisi? Zatuhusu kwa jambo moja. Tarehe 28 Aprili 1888, katika siku hizo 99, Sayyid Khalifa wa Unguja aliikodisha kampuni ya Kijerumani pwani yote tangu mto Umba mpaka mto Ruvuma. Nchi yetu ilianza kutiwa mkononi mwa dola ambayo mkuu wake alikuwa hawezi kusema neno, akipumua kwa mrija. Na kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890, baina ya Wajerumani na Waingereza, mwambao wa mashariki wa Ziwa Nyasa nao ukawekwa upande wa Wajerumani. Hivyo watu wa Liuli na Mbamba Bay waliingizwa katika habari za ulimwengu pasipo kuulizwa. Miaka 70 baadaye ulimwengu uliuliza swali ambalo mahali kama kwao palikuwa na sehemu ya jibu lake. Swali hilo ndilo shabaha ya insha hii.

Yafaa kwanza tuitazame nchi yenyewe. Mbinga ni nchi ya milima. Wamatengo hulima miinuko yao kwa mashimo ya ngoro, ambayo huzuia mvua isichukue udongo, na huuza kahawa. Nao wakaao juu huota moto usiku wa Juni na Julai kwa sababu ya baridi. Kutoka milimani barabara huteremka kwa mizunguko mingi hadi ziwani. Uso wa ziwa uko karibu mita 475 tu juu ya bahari, ilhali vijiji vya milimani viko mita 1,500 na zaidi. Huko chini wakaao ni Wanyasa na Wamanda, watu wa mitumbwi, usipa na muhogo. Hewa ni ya joto, na mbu hawana msimu wa kupumzika. Zamani nchi hii yote ilikuwa wilaya moja ya Mbinga. Mwaka 2012 mwambao ulitengwa ukawa wilaya ya Nyasa. Lakini mpaka wa joto na baridi ulikuwapo kabla ya mpaka wa serikali, na ndio utakaotufaa katika habari hizi.

Tiba ya kizungu iliingia huku kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa ya majini. Wamisionari wa Kianglikana wa U.M.C.A. walifanya makao katika kisiwa cha Likoma tangu mwaka 1885, na tangu 1901 meli yao Chauncy Maples ilipita bandari kwa bandari ikichukua walimu, vitabu na dawa. Daktari Robert Howard, aliyeanza kazi yake huko mwaka 1899, aliwahimiza wamisionari wenzake wajikinge na mbu, kwa maana homa ilikuwa imewazika wengi wao. Askofu msaidizi wa njia hiyo, kwa maana ya kazi si kwa cheo, alikuwa William Percival Johnson, aliyekaa ziwani zaidi ya miaka 40 akiwa karibu kipofu. Alikufa mwaka 1928 akazikwa Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lake. Hospitali ya Mtakatifu Anna ipo Liuli hata leo. Njia ya pili ilikuwa ya nchi kavu: Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kazi yao ikazaa hospitali kubwa ya Peramiho, na huko milimani Litembo ikapata hospitali ya Kikatoliki ambayo ndiyo tegemeo la Wamatengo.

Tiba hiyo ilileta maneno pia. Mimi si tabibu, ni mwalimu wa lugha, na kwa hiyo siwezi kulipita neno nusukaputi bila kulisalimu. Wajuzi hulitafsiri kuwa ni nusu yetu sisi iliyounganishwa na kaputt ya Wajerumani, yaani kufa nusu. Aliyelibuni alikuwa ameona vema. Dawa ya usingizi humfikisha mtu katikati ya njia ya mauti, kisha mpasuaji hufanya haraka, na mgonjwa hurudishwa. Lakini kurudi huko kwahitaji njia ya pumzi iliyo wazi. Na mgonjwa ambaye maradhi yenyewe yamekaa kinywani au kooni hulala usingizi huo akiwa na mlango uliokwisha kufungwa nusu.

Sasa tumtazame mdogo. Katika nchi za joto za Afrika mtoto wa miaka mitano, sita au saba huweza kuanza kulegea meno ya nyuma. Mzazi hudhani ni meno ya utoto yanayong'oka kabla ya wakati, au jino bovu. Pengine jino hung'olewa, na shimo lake halifungi. Taya huvimba, kisha taya la pili. Jicho husukumwa nje. Na baada ya majuma machache mama hamtambui mwanawe. Uvimbe huo hukua kwa kasi isiyo na mfano katika saratani za wanadamu: chembe zake zaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Ukielekea ndani hujaza kinywa, huusukuma ulimi nyuma, na mtoto hawezi kumeza wala kulala chali.

Mwaka 1957 mtoto wa namna hiyo aliletwa katika hospitali ya Mulago, Kampala. Daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame. Burkitt alikuwa mtu wa Ireland, mwenye jicho moja tangu utoto wake, aliyekuja Uganda mwaka 1946. Alimwona mtoto yule amevimba pande zote nne za taya, juu na chini, kulia na kushoto, akastaajabu, kwa kuwa saratani haina desturi ya kuanza mahali panne kwa mara moja. Baada ya majuma machache alikuwa Jinja, akaona mtoto mwingine wa sura ileile. Alipompapasa tumbo akakuta uvimbe huko pia. Alirudi Mulago akafungua madaftari ya wagonjwa, akaona kwamba maradhi ambayo kila daktari alidhani ni ajabu ya siku moja yalikuwa mengi mno. Na vitabu vya hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Albert Cook mwaka 1897, vilishuhudia kwamba uvimbe wa taya za watoto haukuwa mgeni. Ulikuwapo siku zote. Aliyekosekana ni mtu wa kuunganisha habari zake.

Burkitt alikuwa mpasuaji, na mpasuaji hujibu kwa kisu. Alikata taya za watoto. Nataka msomaji afikiri maana ya jambo hili kabla ya kulipita. Kumlaza mtoto ambaye kinywa chake kimejaa nyama ni hatari kabla ya kisu kugusa ngozi. Akilegea kwa nusukaputi, ulimi na uvimbe huanguka nyuma na kuziba njia. Mrija wa kupitishwa kinywani hauna pa kupita. Na damu ya taya humwagika kuelekea mapafuni. Mwenye kumtia usingizi na mwenye kumpasua hupigania mahali pamoja, na mahali penyewe hapana upana wa kidole. Waliovuka hatari hiyo waliamka na sura iliyoharibika, kisha uvimbe ukarudi au ukatokea katika mafigo na tumbo, wakafa kwa muda wa miezi. Mionzi ya kuchoma saratani haikuwapo Kampala wakati huo. Burkitt alitangaza aliyoyaona mwaka 1958 katika jarida la wapasuaji la Uingereza, na baadaye Gregory O'Conor, mtaalamu wa maradhi huko Kampala, alieleza kwamba chembe hizo ni za ukoo wa saratani ya tezi za limfu. Maana yake kwa mpasuaji ilikuwa nzito: maradhi haya hayakai mahali pamoja, na kisu hukata mahali pamoja tu.

Hapo ndipo Burkitt alipofanya jambo ambalo naliona kuwa kubwa kuliko upasuaji wake wote. Aliweka kisu chini akaanza kuuliza. Alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavipeleka katika hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza: Je, mmepata kuona hili? Majibu yakaja, naye akayachomeka katika ramani. Mwezi wa Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Clifford Nelson, wote madaktari wa misheni, walipanda gari kuukuu walilolinunua kwa kazi hiyo, wakashika njia ya kusini. Walikwenda maili 10,000 kwa muda wa majuma kumi, wakapita Tanganyika, Nyasaland na nchi za mbele yake, wakiingia katika hospitali zaidi ya 50. Safari hiyo ilifanyika wakati Tanganyika ikijitayarisha kwa uhuru wa tarehe 9 Desemba, na magazeti yalikuwa na mambo mengine ya kuandika.

Walichokuwa wakitafuta ni mpaka wa maradhi. Karibu na ikweta waliona kwamba uvimbe hauonekani kwa watu wakaao juu ya futi 5,000 hivi. Na kadiri walivyokwenda kusini ndivyo mpaka huo ulivyoshuka. Alexander Haddow, mjuzi wa wadudu huko Entebbe, akawafumbulia kitendawili: kilichokuwa kikipimwa si kimo cha nchi, ni joto. Maradhi yalikaa mahali ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 16 hivi za sentigredi, na mvua haipungui inchi 20 kwa mwaka. Unguja, ijapokuwa ina joto na mvua, ilikuwa na wagonjwa wachache mno. Nayo ilikuwa imepigana na malaria kwa bidii.

Msomaji aichukue kanuni hiyo asimame nayo juu ya milima ya Mbinga. Nyuma yake ni Litembo, penye moto wa jioni na blanketi. Mbele yake, chini ya macho yake, ni ziwa, penye joto la mwaka mzima. Kwa mwendo wa miguu wa siku moja mtu hutoka nje ya ukanda wa uvimbe wa taya akaingia ndani yake. Watu ni wa mkoa mmoja, wanaoana, wanauziana mahindi na samaki. Lakini mtoto wa juu na mtoto wa chini hawana hatari sawa. Kama sababu ingekuwa damu ya ukoo au chakula cha kabila, mpaka ungefuata makabila. Kwa kuwa wafuata joto na mvua, sababu yake hutembea na kitu kipendacho joto na mvua. Mbu ndiye aliyekuwa mshtakiwa wa kwanza.

Sehemu ya pili ya jibu ilitoka London. Mwezi Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, na miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi vya saratani. Aliomba apelekewe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala, na mwaka 1964 yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong walitangaza kirusi kipya, cha kwanza kujulikana kuwa na sehemu katika saratani ya wanadamu. Kirusi hicho hupita kwa mate, na watoto wa Afrika karibu wote hukipata wakiwa wadogo bila madhara. Madhara huja pale ambapo malaria humpiga mtoto mara kwa mara, ikidhoofisha ulinzi wa mwili na kuzilazimisha chembe fulani za damu ziongezeke kupita kiasi, mpaka moja yao ikosee katika kugawanyika kwake. Basi mbu hakuwa mchukuzi wa saratani. Alikuwa mfungua mlango. Nchi yetu ilitoa ushahidi wake pia: kati ya 1977 na 1982, katika nchi ya Mara ya Kaskazini, karibu na hospitali ya Shirati, watoto waligawiwa klorokwini ili ionekane kama kuzuia malaria kutapunguza uvimbe. Uvimbe ulipungua, lakini ulikuwa umeanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, na vijidudu vya malaria vikaizoea dawa. Hivyo jaribio lenyewe halikutoa hukumu kamili. Lakini uhusiano wa malaria na maradhi haya haukanushwi leo.

Na tiba je? Kisu kilipowekwa chini, dawa ilishika mahali pake. Tangu miaka ya 1960 na kitu, Burkitt huko Kampala, na Peter Clifford, mpasuaji wa masikio, pua na koo huko Nairobi, walijaribu dawa za kuua chembe za saratani, ambazo nyingine walipewa na wataalamu wa Marekani. Waliyoyaona hayakutarajiwa. Mtoto aliyepewa dawa iitwayo saiklofosfamidi alipungua uvimbe kwa siku chache; uso wake ukarudi, meno yakashika, na baadhi yao hawakuugua tena. Mwaka 1967 Taasisi ya Saratani ya Uganda ikafunguliwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ikawa ajabu ya pekee katika habari za uganga: wapasuaji wawili wa Afrika ya Mashariki, ambao kazi yao ni kukata, walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani kuonyesha kwamba saratani yaweza kuponywa kwa dawa peke yake.

Isidhaniwe hata hivyo kwamba kisu kilifukuzwa. Kwanza, mtu mzima mwenye saratani ya ulimi, ya fizi au ya kongomeo, ambayo tumbaku na pombe huiharakisha, bado huhitaji mpasuaji, na apatikane mapema. Theodor Billroth wa Vienna aliondoa kongomeo lote la mgonjwa wa saratani siku ya mwisho ya mwaka 1873, na mgonjwa akaishi akapumua kwa tundu la shingoni. Jambo hilo lafanywa hata leo kwa mkono uliozoea. Pili, mtoto ambaye uvimbe umemziba hawezi kungoja siku tatu dawa ifanye kazi. Humfaa tundu lilelile la Bramann: kukata katikati ya shingo, chini ya kongomeo na juu ya kifua, kutenga misuli, kufungua pete za njia ya pumzi, na kutia mrija. Kwa mtu mzima yaweza kufanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Kisha huanza kazi isiyosifiwa: kuvuta makohozi, kuosha mrija wa ndani, kulinda usichomoke wala usizibe, usiku na mchana. Mpasuaji hufungua njia kwa dakika chache. Muuguzi huilinda kwa majuma. Wengi waliokufa baada ya tundu zuri walikufa kwa mrija uliozibwa.

Hapa ndipo jambo la leo linapotushika. Katika nchi tajiri, watoto wapatao tisa katika kumi wenye maradhi haya hupona. Kwetu hesabu iko chini sana, na dawa za msingi si siri wala si mpya. Kinachopungua ni siku. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road iko Dar es Salaam, katika nyumba ya hospitali iliyojengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Na kutoka Songea peke yake hadi huko ni zaidi ya kilomita 900, bila kuhesabu mteremko wa Mbinga na mwambao ulio mbele yake. Uvimbe unaoongezeka maradufu kwa siku mbili haungoji nauli, mavuno ya kahawa, wala shauri la wajomba. Mtoto aliyezungushwa mwezi mmoja kati ya jino, dawa za miti na kungoja, hufika akiwa na maradhi mengine kabisa na yale aliyoanza nayo.

Kwa hiyo ulinzi wa kwanza hauko Dar es Salaam. Uko kwa yule ambaye mtoto humfikia siku ya kwanza: mng'oa meno wa kituo cha afya, mwalimu wa darasa la kwanza, bibi, mganga wa kienyeji. Hao wakijua jambo moja tu, kwamba meno kadhaa yakilegea pamoja kwa mtoto mdogo si habari ya jino, watakuwa wameokoa muda ambao hapana dawa iwezayo kuununua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua; lakini katika habari hizi mzazi hakuficha, aliita ugonjwa kwa jina ambalo silo. Kumpa jina la kweli ni kazi ya elimu, na elimu isiyofika katika lugha ya mama wa mwambao haijafika. Sisi tunaofundisha lugha hatuna haki ya kusema kwamba mambo haya ni ya waganga peke yao.

Kaisari wa Ujerumani alikuwa na mabingwa wa Ulaya nzima mlangoni pake, wakashindana hata muda ukapita. Watoto wa taya zilizovimba walikuwa na mpasuaji mmoja mwenye jicho moja, aliyekiri kwamba kazi ya mikono yake haiponyi, akaenda kuuliza katika hospitali ndogo za vumbini na za kando ya maziwa. Majibu ya hospitali hizo yaliupa ulimwengu elimu mpya ya saratani. Deni hilo halijalipwa mwambaoni. Litalipwa siku mtoto wa Liuli atakapofika kwenye dawa akiwa bado anapumua kwa njia aliyozaliwa nayo.